Gari ikichunwa usikimbilie fundi rangi, anza na ukucha wako

Wakuu, nimeamua kuandika hii kwa sababu kila wiki naona mtu amechunwa kidogo tu na bodaboda kwenye foleni, au katoka supamaketi kakuta mstari mlangoni, anapaniki, anapeleka gereji, jioni anarudishiwa gari yenye mlango mzima uliopigwa rangi upya ambayo haifanani na fenda. Mimi yalinikuta kwenye Toyota IST yangu ya silva. Ilikuwa na mstari mwembamba kwenye mlango wa nyuma, mstari ambao leo ningeutoa kwa dakika kumi nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nikampa fundi, akapiga msasa mlango wote akapuliza rangi nje kwenye vumbi, na mpaka leo ukiiangalia saa nane mchana ule mlango unaonekana umetoka kwenye gari nyingine. Rangi ya kiwandani inaokwa kwenye oveni kubwa na haina namna ya kuirudisha ikishaondoka, kwa hiyo ndugu yangu ilinde hata kama gari ni ya mwaka 2003.

Kwanza ujue unachogusa. Juu ya bati kuna praima (rangi ya msingi), juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, ile inayong'aa. Vyote kwa pamoja havifiki unene wa kadi ya benki, mara nyingi ni maikroni 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake ni kama 40 au 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Michubuko mingi tunayolia nayo imeishia kwenye klia tu, haijafika kwenye rangi.

Utajuaje? Osha pale mahali vizuri, kausha, halafu pitisha ukucha kuukata ule mstari, usiufuate kwa urefu wake. Ukucha ukipita bila kukwama, huo ni wa klia na unatoka kwa mkono. Ukikwama kidogo sana hapo unahitaji msasa wa maji na utulivu. Ukizama kabisa, angalia chini kuna rangi gani: kijivu au nyeupe tofauti na gari yako ujue umefika praima, ukiona bati linang'aa au limeanza kuwa kahawia umefika chuma, na kwenye bampa ukiona weusi hiyo ni plastiki yenyewe. Kipimo kingine ni maji, mwagia tu, mstari ukipotea wakati pamelowa na kurudi pakikauka, umeshapata habari njema.

Halafu kuna kitu watu wengi hawakijui. Kuna michubuko ambayo siyo michubuko, ni rangi ya mwenzio imebaki kwenye gari yako, au ya nguzo, au ya geti la nyumbani. Ukiona mstari umetokeza juu badala ya kuzama, na una rangi nyingine, chukua kitambaa laini weka mafuta ya taa kidogo, sugua taratibu, osha na sabuni. Wengi wanakimbilia tina (ile ya kuyeyushia rangi), na tina kwenye rangi ya kiwandani ukifuta haraka haraka inaweza ikakuvumilia lakini gari yako ikiwa iliwahi kupigwa rangi mtaani inaondoka na rangi yote pale pale. Na hizi gari zetu za mkononi, nani ana uhakika na historia yake? Anza na mafuta ya taa.

Sasa tuje kwenye ule mchubuko wa klia, huu ndio wa kila siku. Unahitaji kompaundi ya magari, ile dawa nzito ya kusugulia rangi (siyo ile ngumu kabisa, uliza ya kumalizia), polishi, nta, na vitambaa viwili vitatu vya maikrofaiba visafi. Fanya asubuhi au jioni, kivulini, bodi iwe ya baridi, maana jua la Dar likishapiga boneti kompaundi inakauka kabla hujaisambaza na inaacha madoa. Kivuli cha mwembe angalia juu kwanza, ule utomvu na kinyesi cha ndege vinakula klia. Osha vizuri kabisa, na hapa naomba usifanye haraka, maana chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa unakuwa unachora gari yako mwenyewe. Weka kompaundi kiasi cha punje ya harage, sugua kwa vidole viwili vikiwa ndani ya kitambaa, eneo dogo la kama kiganja, nenda rudi kisha kata upande mwingine, dakika moja hivi, futa, angalia. Rudia mara tatu nne. Kwa mkono ni vigumu kuimaliza klia, kwa mashine ya kusugulia ni rahisi mno hasa kwenye kona na ile mistari ya bodi ambako rangi inakuwa nyembamba, kwa hiyo kama hujawahi kushika mashine usijifunzie kwenye gari yako. Ukimaliza piga polishi halafu nta.

Tahadhari kwa wenye gari nyeupe ya kawaida, ile Toyota kodi 040 (kodi ni namba ya rangi ya kiwandani). Nyingi hazina klia, ni rangi moja tu mpaka juu. Ukisugua utaona kitambaa kinakuwa cheupe, usiogope, lakini ujue hiyo ni rangi yenyewe inatoka hivyo sugua kidogo tu uache. Kwenye gari yenye klia ni tofauti, ukiona kitambaa kimechukua rangi ya gari simama hapo hapo, umeshavuka.

Kwa ule unaokwama kidogo, tafuta msasa wa maji namba 2000 au 2500. Usikubali muuzaji akupe 800 akakwambia ni ileile, hiyo ni ya kuandaa praima. Loweka dakika kumi kwenye maji yenye tone la sabuni, zungushia kifutio cha penseli ili usibonyee kwa vidole, weka maskingi tepu kuzunguka mstari, halafu piga taratibu kama mara kumi huku unaongeza maji. Pale patafifia, patakuwa kama kioo chenye ukungu, moyo utaruka lakini ndivyo inavyotakiwa iwe, kompaundi ndiyo inarudisha mng'ao. Lengo siyo kuufuta mstari kabisa, ukibaki kidogo uache, maana klia ya kesho nayo unaihitaji.

Dawa ya meno? Inafanya kazi kwa mikwaruzo ile ya juu juu sana, kama ya kucha kwenye kitasa cha mlango, kwa sababu ile nyeupe ina unga wa kusugua ndani yake. Ya jeli haina maana. Kiwi ya viatu na mafuta ya kupaka inaficha tu mpaka mvua inyeshe. Na nimewahi kumuona mtu anapaka mafuta ya breki eti yanang'arisha, jamani yale yanayeyusha rangi, hata yakimwagika kwa bahati mbaya mwagia maji mengi saa hiyo hiyo.

Mchubuko uliofika chuma ni habari nyingine na hapo ndipo nakuomba uwe na haraka. Kwa bampa huna presha, plastiki haishiki kutu. Lakini mlango, fenda, boneti, ukikaa Kigamboni au Tanga au Mombasa au Unguja, ule upepo wa chumvi hausubiri mwisho wa mwezi. Kutu inaingia chini ya rangi nzima, baada ya muda unaona vipele vimevimba kuzunguka kale kamstari. Siku hiyo hiyo safisha, kausha vizuri, paka rangi ya kucha isiyo na rangi. Ni ya muda tu, inazuia maji na hewa mpaka upate nafasi ya kufanya kazi kamili.

Kazi kamili inaanza na kodi ya rangi. Kwa Toyota za Japani tafuta kile kibati, mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ukifungua boneti kwenye ukuta wa nyuma ya injini, soma penye COLOR au C/TR, zile herufi na namba tatu za mwanzo ndio kodi: 1F7 ni silva, 202 ni nyeusi, 070 ni nyeupe ya lulu. Nenda maduka yanayochanganya rangi za magari, kwa Dar ni Kariakoo na Gerezani, kwa Nairobi jaribu Grogan, chukua kiasi kidogo kabisa. Na hii ishike: usiende na kodi peke yake. Gari ya miaka 20 imepauka, kodi inakupa rangi ya siku ilipotoka kiwandani. Fungua kale kamlango ka tangi la mafuta, kapige polishi, nenda nako dukani walinganishe kwa macho, tena nje kwenye mwanga.

Nyumbani toa kutu kwa msasa ulioukunja ukawa na kancha kadogo, futa na spiriti, weka praima kwa kijiti cha meno, ikikauka weka rangi kwa tone tone ndani ya mfereji wa mchubuko tu, usipake kama unapaka ukuta. Nyembamba mara tatu au nne, subiri kila moja ikauke, malizia na klia mpaka pavimbe kidogo kuliko pembeni. Halafu acha wiki nzima, ndio wiki, kisha sawazisha na msasa 2000 na kompaundi. Kwa 070 nikwambie ukweli, ile ina tabaka la lulu katikati kwa hiyo kwa mkono haiwezi kufanana kabisa, utapata nukta inayoonekana ukisogea karibu lakini bati limekingwa, na mimi naona hiyo inatosha.

Mbonyeo sasa. Bampa iliyobonyea bila kupasuka chemsha maji birika zima, mwagia taratibu, vaa glavu sukuma kutokea nyuma, ikirudi mwagia maji baridi ikae. Kama bampa ilishawekwa puti (ile ya kuziba mabonde kabla ya rangi) zamani usijaribu, itapasuka vipande. Kwenye bati, mbonyeo mpana usio na kona unaweza kuvutwa na kile kikombe cha mpira cha kunyonya, lowesha kidogo kwanza. Kale kadogo ka mlango wa jirani pakingi hakavutiki hivyo, tafuta mafundi wanaonyoosha kwa vyuma virefu kutokea ndani bila kugusa rangi, wapo, ukiuliza utaelekezwa. Mwambie mapema kabisa, hakuna nyundo na hakuna puti.

Na ikibidi rangi kweli, labda mchubuko umevuka kiganja na umefika praima, basi mkubaliane kabla hajagusa: paneli moja tu, vitasa vitolewe visizungushiwe tepu, klia iwe ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), rangi aijaribu kwanza kwenye kipande cha bati mkaiangalie juani na kivulini, na kwa silva aififishe kidogo kuelekea paneli ya jirani ili jicho lisione mpaka. Fundi anayejua kazi hatakasirika ukimwambia haya, atafurahi.

Mwisho naomba tuangalie yule kijana anayefuta gari asubuhi na tambara kavu juu ya vumbi. Ile miduara kama utando wa buibui unayoiona usiku chini ya taa za sheli inatoka hapo, na kule kuoshea ambako kitambaa kilichotoka kwenye rimu kinapanda kwenye boneti. Mimi siku hizi naenda na kitambaa changu na sponji yangu, namwambia kijana amwage maji mengi kwanza vumbi lote lishuke ndio aguse, rimu na matairi aziache mwisho, na namuongezea hela kidogo kwa usumbufu. Sasa akiniona tu naingia anaweka ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, bila kuambiwa.