Somo: Kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji hatua kwa hatua, hasa malisho na vyanzo vya maji

Somo hili ni la maafisa wa halmashauri za wilaya Tanzania Bara: mazingira, maliasili, ardhi, mifugo na kilimo. Sheria mnazijua: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004. Mipango mingi inakufa kwa sababu ramani ilichorwa kabla ya mtu yeyote kupiga hesabu ya ng'ombe na majani. Kwa hiyo hesabu itachukua nafasi kubwa hapa.

Hatua ya 1: Timu na muda

Watu sita hadi wanane wanatosha: ardhi, mazingira, misitu, mifugo, kilimo, maji na maendeleo ya jamii. Afisa mifugo asikosekane hata kama kijiji kinajulikana kuwa cha wakulima, maana mbuzi wapo kila mahali. Nendeni baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi. Mkienda msimu wa palizi, Mkutano Mkuu wa Kijiji utajaa wazee na viongozi tu, na mtakachopitisha kitapingwa na waliokuwa shambani.

Mtendaji awe ameandaa mapema idadi ya kaya kwa kila kitongoji, idadi ya mifugo (linganisheni daftari lake na rekodi za josho, mara nyingi hazifanani), nakala ya cheti cha ardhi ya kijiji kama kipo, na mihtasari ya migogoro iliyofika Baraza la Ardhi la Kijiji.

Hatua ya 2: Mpaka kwanza, kwa miguu

Msigawe ardhi ambayo kijiji jirani nacho kinaidai. Tembeeni mpaka wote pamoja na wawakilishi wa pande zote mbili, wakiwemo wazee na wachungaji. Wachungaji ndio wanaojua mti gani watu wanauhesabu kuwa mpaka na mti gani umepandwa juzi. Kwenye kila kona chukueni nukta ya GPS na picha, kisha andikeni alama iliyopo: kichuguu, mbuyu, mstari wa minyaa, makutano ya korongo. Pande zote zisaini siku hiyohiyo. Saini zikingoja wiki ijayo, kuna mtu atakuwa ameshabadilisha mawazo.

Hapa kuna kosa linalojirudia sana. Karatasi za zamani za ramani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa rejea (msingi wa kuhesabia mahali nukta ilipo) wa Arc 1960, na GPS ikitoka dukani imewekwa WGS 84. Ukiweka nukta za mfumo mmoja juu ya ramani ya mfumo mwingine bila kubadilisha, mpaka unahama mita 300 hivi. Mita 300 zinatosha kuhamishia kisima kijiji cha pili. Kosa la pili ni la kanda za UTM, yaani gridi ya ramani inayoigawa dunia katika kanda. Longitudo ya nyuzi 36 mashariki inapita katikati ya nchi, magharibi yake hadi nyuzi 30 ni kanda ya 36 na mashariki ni ya 37, na zipo wilaya zinazoangukia pande zote mbili. Juu ya kila fomu ya uwandani andikeni mfumo na kanda. Kwenye QGIS (programu ya kompyuta ya kuchora ramani) hakikisheni kila tabaka limetajwa mfumo wake kabla ya kuunganisha chochote.

Hatua ya 3: Ramani ya wanakijiji

Uwanja wa shule unafaa. Wachore ardhini kwa majivu, vijiti na mawe: njia, visima, mashamba, makaburi, misitu ya matambiko, malisho ya masika na ya kiangazi. Wanawake wachore ya kwao kando. Tofauti za ramani hizo mbili ni data. Ya wanawake mara nyingi itaonyesha maeneo ya kuni na visima vya kiangazi ambavyo ya wanaume haina. Pigeni picha kabla upepo haujafuta, kisha mwende kuhakiki kwa GPS.

Hatua ya 4: Hesabu

Malisho. Badilisheni mifugo yote iwe kizio kimoja cha kilo 250 za uzito hai. Ng'ombe wa kienyeji, kwa wastani wa kilo 175 (ndama na wakubwa pamoja), ni 0.7. Mbuzi au kondoo ni 0.1. Kizio kimoja hula majani makavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25, sawa na kilo 2,281 kwa mwaka.

Tuseme kijiji kina ng'ombe 1,800, mbuzi 1,200 na kondoo 400. Hiyo ni 1,260 + 120 + 40 = vizio 1,420. Mahitaji ya mwaka ni takriban tani 3,240 za majani makavu.

Sasa pimeni majani yaliyopo. Tengenezeni fremu ya nondo ya mita 1 kwa mita 1. Mwisho wa masika, nyasi zikiwa zimekomaa na kabla hazijaliwa, tembeeni mstari mnyoofu na kuweka fremu kila hatua 50, popote itakapoangukia. Msichague palipo pazuri. Kateni nyasi kwa mundu zikibaki sentimita 2 hadi 3, anikeni mpaka uzito usibadilike tena, kisha pimeni. Gramu kwa mita mraba zidisha kwa 10 upate kilo kwa hekta: gramu 200 ni kilo 2,000. Fremu zisipungue 20 kwa kila aina ya malisho, na mbuga za mfinyanzi msizichanganye na vilima vya kichanga.

Majani hayo hayaliwi yote. Nusu ibaki kulinda udongo na kuotesha msimu unaofuata. Kwa hiyo kilo 2,000 zinakuwa 1,000 kwa hekta, na kijiji chetu kinahitaji hekta 3,240. Kikiwa na 2,600, pengo la hekta 640 lionekane wazi mbele ya mkutano. Mkilificha kwenye ramani, litarudi Septemba kwa sura ya ng'ombe ndani ya mashamba.

Mashamba. Idadi ya kaya mara wastani wa eneo ambalo kaya hulima kweli, kisha ongezeni nafasi ya ongezeko la watu la miaka 10. Kwa kiwango cha taifa cha ongezeko la watu cha Sensa ya 2022, asilimia 3.2 kwa mwaka, kaya 640 zitakuwa kama 877.

Hatua ya 5: Kugawa maeneo

Anzeni na visivyohamishika: mita 60 za hifadhi kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa, kwa mujibu wa Sheria ya Mazingira, kisha miteremko mikali na misitu. Pimeni kutoka ukingo wa mto wakati wa masika. Kiangazi maji hurudi katikati, na ukipima kutoka maji yalipo unajikuta umegawa kitanda cha mto.

Halafu malisho na njia za mifugo kwenda josho, lambo na mnada. Upana wa njia ufuate kundi kubwa kuliko yote kijijini likitembea, si kundi la mfano la ng'ombe kumi. Lambo bila njia ya kulifikia ni mgogoro uliojengwa kwa saruji. Mashamba, makazi na akiba ya baadaye vifuate.

Hatua ya 6: Kupitisha, kuweka alama, sheria ndogo

Rasimu inaanzia Halmashauri ya Kijiji na kuidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kisha inakwenda halmashauri ya wilaya na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Sheria ndogo zinahitaji idhini ya Baraza la Madiwani. Alama za mipaka ya ndani ziwekwe wiki zilezile, kwa vigingi vya zege kwenye kona na minyaa au mibono katikati. Hati za hakimiliki za kimila zitolewe baada ya hapo, si kabla.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, wakuu. Kwetu nyanda za juu watu wanalima vinyungu (bustani za mabondeni kwenye unyevu) ndani ya mita 60 miaka yote, na ndiyo mboga ya kiangazi. Tufanyeje?

Jibu: Msivichore kama mashamba, na msivifute kwenye kumbukumbu. Orodhesheni kila kinyungu na mlimaji wake, pimeni eneo, kisha mtafute mbadala kwenye mpango: bustani nje ya mita 60 zenye mfereji au pampu ndogo, na ratiba ya kuhama kwa awamu. Ukingoni pandeni miti ya asili ya mitoni. Mikaratusi hapana, inakunywa maji mengi.

Swali: Ndugu, pengo la malisho likitokea kweli, mkutano unaamua nini? Wenye mifugo hawatakubali kupunguza siku hiyo.

Jibu: Wasilazimishwe siku hiyo. Leteni njia tatu zikiwa na namba. Ya kwanza ni mabua: pimeni uzito wa mabua makavu kwa hekta baada ya mavuno, mkubaliane tarehe ya kufungulia mashamba. Ya pili ni kufunga sehemu ya malisho masika ili ibaki ya kiangazi. Ya tatu ni makubaliano na vijiji jirani, ambayo kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinayaruhusu. Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilifanya hivyo na kuunganisha malisho yao kwa jina la OLENGAPA.

Swali: GPS ya simu inatosha?

Jibu: Kwa kuchora matumizi, ndiyo. Mahali pa wazi hukosea mita chache, chini ya miti minene zaidi. Kwa upimaji wa mpaka wa kijiji, mwiteni mpima.

Swali: Sheria ndogo zetu zimerudishwa kutoka wilayani mara ya pili. Tunakosea wapi?

Jibu: Angalieni manne. Je, faini imezidi kiwango kinachoruhusiwa? Je, kuna adhabu kwa wageni pekee, wakati mwanakijiji akifanya kosa lilelile hakuna kitu? Je, kifungu kinapingana na sheria mama, kwa mfano kuruhusu kilimo kwenye mita 60? Na je, muhtasari wa Mkutano Mkuu una orodha ya mahudhurio yenye saini, tarehe na akidi? La mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Likikosekana, mkutano unaitishwa upya.