Unatoaje zaka kama hela yako inakuja na giza? Uwakili kwa sisi wauza dagaa Kigoma

Bwana asifiwe wapendwa. Kuna kina mama wawili hapa Kibirizi wameniuliza, dada, uwakili, yaani kutunza vizuri mali ya Mungu, tunafundishwa kanisani ila wanaongea kama kila mtu ana mshahara, sisi hela inaingia giza likiwepo, maana dagaa wanavuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanalala na sisi tunalala, sasa tunapangaje? Naandika ninavyofanya mimi, niko kwenye dagaa mwaka wa tisa sasa, na minne ya mwanzo nilijiona mwaminifu kweli kumbe nakula mtaji.

Anza na daftari. Lile dogo la shule, usiandike kwenye simu maana mtoto akichezea umekwisha. Kila mzigo uwe na ukurasa wake. Mzigo wangu mmoja ulikua hivi: nimenunua mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia dagaa, 300,000, ushuru na bodaboda na mabinti wa kuanika na kugeuza ikaenda 45,000, nikauza 425,000. Hapo toa 345,000 weka pembeni hata usiiangalie, hiyo ni ya mzigo unaokuja. Inabaki 80,000, hiyo ndo Mungu kakuongezea, zaka yake 8,000. Zamani mimi nilikua nachukua ile 425,000 nzima nakata fungu la kumi, 42,500 kwenye bahasha, watu wanasema huyu dada anatoa jamani, alafu jumatano niko kwa mtu wa riba naomba hela ya kununulia dagaa. Najua kuna watakaobisha, sawa, kama moyo unakutuma toa zaidi. Ila Mithali 3:9 inasema malimbuko ya mazao, na mazao ni kilichozaliwa, mbegu haimo humo.

Alafu kata fungu la mbalamwezi, la zile siku wavuvi hawaendi. Yusufu alimwambia Farao achukue sehemu ya tano miaka ya shibe, iko Mwanzo 41, kwaiyo na mimi nakata sehemu ya tano ya faida, kwenye ile 80,000 ni 16,000, naipeleka kikoba siku hiyo hiyo maana ikilala ndani inaota miguu. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ndo nilielewa kwanini Yusufu alijaza maghala, miezi mitatu mwalo umekaa kimya, watu wanauza mpaka mabeseni, mimi nilikua nakula kikoba changu taratibu na nikaanza kuuza mawese ya rejareja.

Sasa uwakili sio bahasha tu, na hapa ndo tunapokosea sana. Dagaa zenyewe ni mali ya Bwana. Anika kwenye chanja, ile meza ya kuanikia iliyoinuliwa, sio mchangani, maana za mchangani mteja anatafuna kokoto na bei inashuka. Turubai liwe karibu, wingu likitokea upande wa milima ya Kongo usiseme ngoja nimalizie chai. Mimi nilisema hivyo siku moja, mvua ikapiga, mzigo mzima ukageuka chakula cha kuku, na hiyo siwezi kumsingizia shetani. Zile zinazovunjika usitupe, Yesu alilisha elfu tano na bado akaagiza vipande viokotwe, mimi nazisaga nauza za uji wa watoto. Na usinunue za kokoro, ule wavu wa kuburuta mpaka ufukweni, hata kama ni rahisi, kokoro limekatazwa na linabeba mpaka vitoto vya samaki, unakula ziwa la wajukuu zako.

Muda na kipaji sisemi sana, kama unaimba imba, kama unajua hesabu kaa na mweka hazina umsaidie.

Kilichobaki ni michango, sijui nani alituroga. Kitchen pati, sare ya kitenge, send-ofu, zote zinakuja wiki uliyouza. Mimi niliwahi kununua sare kwa hela ya mtaji nikakaa giza zima bila mzigo, nimependeza kwenye picha. Siku hizi najibu tu, "mama nimesikia, mzigo uko chanjani, ukikauka nitakuambia", na nina ukurasa wa michango nyuma ya daftari, ukijaa nasema umejaa. Wananiita mchoyo. Nimezoea.