SOMO: Kabla hujamwandikia mgonjwa dawa za MS (multiple sclerosis, kinga ya mwili inaposhambulia ngozi ya neva za ubongo, macho na uti wa mgongo), pita kwanza hatua hizi (fizishani, marejista na maintani)

Wakuu habari za saa hizi. Nimeamua kuliandika hili mara moja likae sehemu moja, maana kila wiki natumiwa picha ya ripoti ya MRI kwenye simu, chini imeandikwa "madoa meupe, yawezekana MS", halafu swali ni lilelile, Dokta naanza dawa gani. Namjibu huyu, kesho anakuja mwingine na picha nyingine na swali lilelile. Kuanzia leo ukiniuliza nakutumia hili somo.

Chuoni wengi tuliambiwa MS ni ugonjwa wa Wazungu tukaipita haraka. Sasa mashine za MRI zimeongezeka na tunaiona, ila na magonjwa yanayofanana nayo tunayaona pia, na hapo ndo watu wanaumia.

Hatua ya 1. Historia. Shambulio la kweli linajijenga kwa saa hadi siku, linadumu zaidi ya saa 24, na mgonjwa hana homa. Kilichokuja kwa dakika moja fikiria kiharusi.

Hatua ya 2. Pima HIV, kaswende, B12, ANA (kingamwili za magonjwa kama lupasi), picha ya kifua. Kama anatoka kandokando ya Ziwa Victoria na miguu imelegea kwa siku chache na mkojo umegoma, ulizia kichocho, kinafika mpaka kwenye uti wa mgongo. Na TB ya pingili msiisahau.

Hatua ya 3. MRI ya kichwa NA ya mgongo, pamoja na kontrasti. Wengi mnapiga kichwa peke yake ili kumpunguzia mgonjwa gharama, naelewa, lakini mgongo ndo mara nyingi unaokupa jibu, kwa sababu presha, kisukari, kipandauso na umri vinatia madoa kichwani lakini haviweki madoa kwenye uti wa mgongo. Vigezo vya McDonald (kanuni za kimataifa za kuitambua MS) tulivyozoea ni vya 2017, vilivyorekebishwa 2024 vimechapishwa 2025 kwenye jarida la Lancet Neurology, na mabadiliko ni makubwa. Neva ya jicho sasa ni eneo la 5, pamoja na pembeni ya ventrikali, chini ya gamba la ubongo, shina la ubongo na serebela, na uti wa mgongo. Unataka angalau maeneo 2. Kuonyesha kwamba ugonjwa umetokea kwa nyakati tofauti siyo lazima tena kwa kila mgonjwa, ukiwa na maeneo 4 kati ya 5 na dalili zinazoeleweka inatosha. Pia wameingiza alama mbili mpya za MRI, vena inayoonekana katikati ya doa, na doa lenye ukingo wa kiparamagneti. Hizo zinahitaji sikwensi maalum, zungumza na mtu wa radiolojia KABLA mgonjwa hajaingia kwenye mashine. Mgonjwa mwenye zaidi ya miaka 50 au mwenye presha, kisukari, kipandauso, kuwa mkali zaidi, tafuta doa la mgongo au maji ya mgongo yenye majibu chanya (hatua ya 5) kabla ya kumpachika jina la MS. Kule Los Angeles kliniki mbili ziliwapitia wagonjwa 241 waliotumwa tayari wana jina la MS, asilimia 18 hawakuwa nayo, matokeo yakachapishwa 2019. Na kule vipimo vyote vipo.

Hatua ya 4. AKWAPORINI-4, yaani kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya protini hiyo. Hapa naomba msome polepole.

Miaka yangu ya mwanzo nilimpokea dada mmoja, jicho la kushoto lilikuwa limefifia, miezi kadhaa baadaye miguu ikaingia ganzi. MRI ya kichwa ilikuwa na madoa machache, nikasema MS. Kwenye historia alinieleza vizuri kabisa kwamba kabla ya ganzi alikuwa na kwikwi na kutapika wiki mbili mfululizo, akatibiwa vidonda vya tumbo, mimi nikaandika kwenye faili nikapita. Ndugu zake walioko nje wakamtafutia interferoni, dawa ya MS, tulifurahi sana siku dawa ilipofika. Ndani ya miezi michache akaletwa hatembei, MRI ya mgongo ikaonyesha doa refu la pingili zaidi ya 3, jicho la pili nalo likaanza. Ndo nikapeleka damu, akwaporini-4 ikarudi chanya. Hakuwa na MS. Alikuwa na NMOSD, ugonjwa unaofanana na MS ila unashambulia zaidi neva za macho na uti wa mgongo, tangu siku ya kwanza, na kwikwi zile zilikuwa zinaniambia hivo, kwa sababu ugonjwa ule unashambulia eneo la kutapikia kwenye shina la ubongo. Leo anatembea kwa fimbo na jicho moja halikurudi. Kosa ni langu, siyo la mashine wala la maabara.

Kwa hiyo shikeni haya. Dawa za MS kama interferoni, natalizumabu na fingolimodi zinaweza kuizidisha NMOSD, siyo tu kwamba hazisaidii. Kingamwili ya akwaporini-4 ilielezwa 2004, vigezo vya NMOSD vipo tangu 2015, hatuna sababu ya kuikosa, tena kwa watu weusi sehemu ya NMOSD ndani ya kundi hili la magonjwa ni kubwa kuliko kwa Wazungu. Pima damu, siyo maji ya mgongo. Omba kipimo kinachotumia seli, kile cha kawaida cha ELISA kinadanganya, hasa kwenye kiwango cha chini. Chota damu kabla ya steroidi na kabla ya kubadilisha plazma, itenganishe, igandishe, HALAFU endelea na matibabu siku hiyohiyo, usimcheleweshe mgonjwa eti unasubiri sampuli isafiri. Ikirudi hasi na picha ni ya NMOSD, rudia. Kuhusu MOG (kingamwili nyingine, ya ugonjwa mwingine unaofanana na MS) ni tofauti kidogo, usiipime kwa kila mtu, majibu ya kiwango cha chini yanaweza kuwa chanya ya uongo, ipime kwa mtoto, kwa macho yote mawili kwa pamoja, kwa doa refu la mgongo, kwa picha ambayo haikai vizuri kwenye MS.

Hatua ya 5. Maji ya mgongo. Bendi za oligoklono (alama za kingamwili zinazotengenezwa ndani ya mfumo wa neva) zinahitaji damu ya siku hiyohiyo iende nayo, wengi mnatuma maji peke yake. Habari njema ni kwamba vigezo vipya vinakubali faharasa ya kapa (kipimo cha vipande vya kingamwili kwenye maji ya mgongo kikilinganishwa na damu) badala ya bendi, na inapimika kwenye mashine za protini zilezile zinazopima mailoma (saratani ya uboho), haraka na kwa bei nafuu zaidi. Ulizia maabara yako. Seli nyeupe zikizidi 50 rudi nyuma utafute kitu kingine.

Hatua ya 6. Shambulio. Methilprednisoloni (steroidi) gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5. Ya mshipa ikikosekana, utafiti wa Ufaransa wa 2015 ulionyesha dozi ileile kwa mdomo haipitwi na ya mshipa. Msimpe prednisoloni ya dozi ndogo mgonjwa wa jicho, tangu 1992 inajulikana kwamba jicho linarudiwa zaidi. Kabla ya kuanza pima malaria na mkojo, homa peke yake inaamsha dalili za zamani zikafanana na shambulio jipya. Na mpe ivamektini au pima minyoo ya strongiloidesi, steroidi zikimkuta nayo inasambaa mwili mzima na inaua.

Hatua ya 7. Dawa ya muda mrefu. Julai 2023 WHO iliweka dawa 3 za MS kwenye orodha ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza, kladribini, glatirameri na rituksimabu. Kwetu huku inayoshikika ni rituksimabu, ipo ya wagonjwa wa saratani. Utafiti wa Sweden wa 2022 uliilinganisha na dimethili fumarati, ndani ya miezi 24 waliopata shambulio ni asilimia 3 dhidi ya 16. Walitumia mg 1000 kisha mg 500 kila miezi 6. Tena rituksimabu inafanya kazi kwenye MS na kwenye NMOSD, kwa hiyo ukiwa bado unasubiri akwaporini-4 na mgonjwa anazidiwa, hiyo haitamchoma kama interferoni ilivyomchoma dada yule. Kabla yake: HBsAg PAMOJA NA anti-HBc, HIV, TB, immunoglobulini, chanjo. Msiruke anti-HBc, homa ya ini B iliyolala inaamka na ini linakufa.

MASWALI YA WANACHAMA

Dkt Mpya: Dokta asante kwa somo. Nina mgonjwa miaka 34 MRI ina madoa, naweza kuanza interferoni?

Mtoa somo: Hatua ya 4.

Dkt Mpya: Nimeisoma ila akwaporini hapa kwetu haipo.

Mtoa somo: Hata hapa haipo, inasafirishwa. Chota damu leo, igandishe, mtafute mtu wa maabara anayetuma sampuli nje. Kama umeisoma kweli usingeandika interferoni.

Fizishani Pwani: Mkuu mimi nimefundishwa lazima nyakati mbili tofauti, sasa wewe unasema siyo lazima. Hii si itafanya kila mtu aitwe MS?

Mtoa somo: Sijaitunga mimi mkuu, imo kwenye vigezo vya 2024. Na wameibana kwa upande mwingine, ndo maana ya maeneo 4, maji ya mgongo, vena ya katikati. Asiye na dalili zinazoeleweka bado anasubiri. Hoja yako ya kuogopa kuwapachika watu jina ni ya haki lakini, nami ndo naogopa hiyohiyo.

Binti wa Moshi (intani): Samahani Dokta naomba kuuliza, nimesoma kwamba kirusi cha EBV ndo kinasababisha MS, lakini huku si karibu wote tunakipata utotoni? Mbona basi MS siyo nyingi?

Mtoa somo: Dada, swali zuri sana. Utafiti uliotoka kwenye Science mwaka 2022 ulitumia damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, wakawapata 955 waliougua MS, na hatari ilipanda mara 32 baada ya kuambukizwa EBV, virusi vingine havikufanya hivyo. Mwaka huohuo wengine wakaonyesha kwenye Nature kwamba kingamwili dhidi ya protini moja ya EBV, EBNA1, inaweza kuikamata pia protini ya ubongo iitwayo GlialCAM, yaani askari anamfananisha mwenyeji na mwizi. Lakini kirusi peke yake hakitoshi, kinahitaji jeni, mazingira, na umri wa kuambukizwa una uzito wake. Anayekipata ujanani akaugua ile homa ya tezi hatari yake inapanda kuliko aliyekipata mdogo bila hata kujua, na sisi wengi tumekipata wadogo. Halafu ongezea kwamba bila MRI ugonjwa hauhesabiki. Ukitaka mada ya utafiti wa masters hii ichukue, nitafute nitakusaidia kuandika pendekezo.

Binti wa Moshi (intani): Asante sana Dokta, nitakutafuta. Na vitamini D je? Huku tuna jua lote hili.

Mtoa somo: Jua tunalo, ila ngozi nyeusi na kushinda ndani ofisini vinapunguza, kwa hiyo pima. Ufaransa walitoa matokeo 2025 kwenye JAMA, wagonjwa 316 waliokuwa na shambulio la kwanza, vitamini D yunit 100,000 kila wiki 2, ugonjwa ulionekana ukiendelea kwa asilimia 60.3 dhidi ya 74.1 ya waliopewa dawa bandia. Inasaidia, haichukui nafasi ya rituksimabu.

Kaka wa Tanga: Wenye MS ya kuzorota taratibu bila mashambulizi tuwaambie nini?

Mtoa somo: Kuna dawa iitwayo tolebrutinibu, utafiti wa HERCULES wa 2025, kuzorota kulipungua kwa asilimia 31. Ila ini linaumia, na kwenye mashambulizi haikuishinda teriflunomidi, dawa nyingine ya MS. Kwa sasa mazoezi ya viungo, kibofu, usingizi, maumivu ya misuli kukaza, hayo yapo mikononi mwetu na tunayasahau.

Mama Kliniki: Dokta kwa wanawake wanaotaka kuzaa?

Mtoa somo: Mama swali la muhimu na nilipaswa kuliweka juu. Teriflunomidi, fingolimodi na kladribini usimpe anayetafuta mimba. Glatirameri na interferoni zinaruhusiwa, baada ya hatua ya 4. Mashambulizi yanapungua miezi 3 ya mwisho ya mimba na yanapanda miezi 3 ya kwanza baada ya kujifungua, hilo liko wazi tangu utafiti wa Ulaya wa 1998, kwa hiyo panga kliniki yake ya baada ya kujifungua kabla hajajifungua.

Mtu wa Macho: Kuongezea tu kwa wenzangu, hata MRI ikikosa neva ya jicho, mashine ya OCT (inayopima unene wa matabaka ya nyuma ya jicho) ya kliniki ya macho inakubalika kwenye vigezo vipya. Tofauti ya maikromita 6 kati ya jicho na jicho kwenye tabaka la nyuzi za neva, au 4 kwenye tabaka la gangilioni, inahesabika. Tunazo hizi mashine kwa ajili ya glakoma, tumeni wagonjwa.

Mtoa somo: Barikiwa sana mkuu, hii ni bei rahisi mno ukilinganisha na kurudia MRI. Naiongeza hatua ya 3.

Dkt Mpya: Dokta samahani kwa swali la mwanzo. Damu nimechota, maabara wameigandisha. Mgonjwa analalamika kila mchana jua likiwa kali macho yanafifia, jioni yanarudi. Nimpe steroidi?

Mtoa somo: Usiombe samahani, umechota damu na hilo ndo nilikuwa nataka. Hilo siyo shambulio, ni joto, neva iliyovuliwa ngozi yake inashindwa kupitisha umeme mwili ukipata joto, Uhthoff alilielezea 1890. Mwambie alowanishe khanga kwa maji baridi ajifunge shingoni, asitembee saa 6 hadi saa 9 mchana, aoge maji ya baridi. Akikaa kivulini saa nzima macho yasiporudi, au maumivu yakianza akizungusha jicho, mlete siku hiyohiyo.