Somo: Kupima mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono

Somo la leo linahitaji vidole vyako tu na saa inayoonyesha sekunde.

1. Unayempima aketi, apumzike kama dakika 5. Akiwa ametoka kupanda ngazi au kuvuta sigara, hutapata mapigo yake ya kawaida.

2. Ageuze kiganja juu, mkono uegemee mezani au pajani.

3. Hapa ndipo wengi hukwama. Anzia kwenye shina la kidole gumba chake, teremka hadi kifundoni. Upande huo utagusa mfupa. Ukisogea kidogo kuelekea katikati utagusa kano zilizokaza kama kamba. Baina ya mfupa na kano kuna kibonde, na mshipa unapita humo. Laza kidole chako cha shahada na cha kati. Usitumie gumba, maana lina mapigo yake na unaweza kujihesabu mwenyewe.

Bonyeza taratibu. Ukikandamiza unauziba mshipa, kwa hiyo usiposikia kitu, legeza kwanza.

4. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Mtu mzima aliyetulia huwa na 60 hadi 100 kwa dakika. Lakini nawasihi, msikimbilie namba. Sikilizeni mwendo: yanafuatana sawasawa, au moja linawahi na jingine linachelewa? Yakirukaruka, hesabu dakika nzima, kisha aonwe na daktari.

MASWALI

Swali: Nakimbia kila siku, napata 52. Kuna tatizo?
Jibu: Kama husikii kizunguzungu wala hujawahi kuzimia, kwa mkimbiaji ni kawaida. Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi kwa kila pigo.

Swali: Mwanangu ana miezi 4, kifundoni sipati kitu.
Jibu: Kwa umri huo ni vigumu, dada. Tafuta upande wa ndani wa mkono, kati ya bega na kiwiko. Yakizidi 100 usishtuke, watoto wachanga ndivyo walivyo.

Swali: Nikimkuta mtu amezimia, nianze na kifundo?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Presha ikishuka sana, mapigo ya kifundoni hupotea ilhali moyo bado unapiga. Mwite, mtikise mabega, tazama kifua. Kama hapumui, au anavuta pumzi za kukatika, ita msaada na uanze kukandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika.