Chakula na nguo za msaada hapa Phoenix: jinsi ya kuvipata bila kuzungushwa

Wengi wetu wakimbizi tulioletwa hapa Phoenix, Arizona, tumepitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, na vichwani bado tuna utaratibu wa kule: jina lako liko kwenye orodha, kadi ina idadi ya watu wa nyumba yako, siku ya mgao inajulikana, na unga, mbaazi, mafuta na chumvi vinapimwa unaona. Hapa hakuna atakayekuita. Chakula kipo, tena kingi, lakini kimetawanyika kwenye makanisa, misikiti, shule na maghala, kila mahali na saa zake, na anayekipata ni aliyeuliza. Simu za "mama, nasikia kuna sehemu wanatoa vyakula" haziishi, hasa tangu sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilipowatoa kwenye SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, wakimbizi ambao bado hawajapata green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. Nimeona niandike yote mara moja, mtumiane.

Kwanza mjue mnakokwenda. Benki ya chakula ni ghala kubwa linalokusanya. Pantri ni chumba cha kanisa au cha kituo cha jamii kinachochukua kutoka kwenye ghala hilo na kugawa mtaani. Ghala kubwa la hapa kwetu ni St. Mary's, na ndiyo benki ya chakula ya kwanza duniani. Ilianzishwa mwaka 1967 na mzee mmoja aliyeitwa John van Hengel. Husimuliwa kwamba alikutana na mama mwenye watoto kumi aliyekuwa akiokota chakula kwenye mapipa nyuma ya duka, na ni yule mama aliyemwambia pangekuwepo na mahali watu wanaweka chakula na wengine wanachukua, kama fedha benki. Kwa hiyo ukiona aibu, kumbuka wazo lenyewe lilitoka kwa mama aliyekuwa na njaa. St. Mary's wanagawa pia wenyewe, kwenye makao yao ya 31st Avenue karibu na Thomas Road. Lakini kama huna gari na unakaa mbali, pantri ya karibu ni bora kuliko ghala la mbali.

Kuipata pantri ya karibu, piga 211, simu ya kuelekeza watu kwenye misaada. Tarakimu tatu tu, na ni bure. Akipokea mtu, usihangaike na Kiingereza: sema "Swahili, please", halafu nyamaza usubiri. Wengi hukata simu hapo kwa sababu inakaa kimya au inapiga muziki. Usikate, wanamtafuta mkalimani. Watakuuliza zip code, zile namba tano za mwisho kwenye anwani yako, kwa hiyo uwe na barua mkononi. Usiridhike na kupewa jina la kanisa. Uliza wanafungua siku gani na saa ngapi, uliza kama wanapokea mtu wa miguu au ni wa magari tu, na uliza karatasi gani wanataka. Kisha kabla hujatoka nyumbani piga tena kwenye pantri yenyewe, maana saa zilizoandikwa na saa wanazofungua kweli si kitu kimoja, hasa wiki za sikukuu.

Karatasi si nyingi. Chukua kitambulisho chochote chenye picha na kitu chenye jina na anwani yako. Bili ya umeme ya SRP au APS inatosha, mkataba wa nyumba pia. Ukifika utapewa fomu ya TEFAP, ule mpango wa chakula cha serikali kuu. Inataka jina, anwani, watu wangapi mnaishi pamoja, na sahihi yako kwamba kipato chenu hakizidi kiwango kilichoandikwa pale. Kipato unakitaja mwenyewe. Namba ya social security haihitajiki, na mtu akiiomba, muulize kwa upole ni ya nini. Hesabu watu wote wanaokula chungu kimoja, bibi na kichanga wote ndani. Kuna mama mmoja wa Kibembe alikuwa anaandika watoto wake tu, anamwacha shemeji aliyehamia kwao, eti kwa kuwa hayumo kwenye kesi yao ya uhamiaji. Hii haina uhusiano na kesi. Wanataka kujua vinywa vingapi.

Na lile swali la kila siku, je, nikichukua chakula nitanyimwa green card? Mkimbizi hapimwi kwa kile kipimo cha public charge, yaani kama mtu atakuwa mzigo kwa serikali, anapoomba green card, sheria imemtoa. Kama hukuja kama mkimbizi, kesi yako ni nyingine, ongea na wakili wa uhamiaji, usiulize kwenye WhatsApp.

Sasa tuje kwenye jua kali. Phoenix mwaka 2023 ilikaa siku 31 mfululizo ikifika nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi. Kuanzia Mei hadi Septemba, chakula cha msaada ni mbio. Serikali yao inasema nyama, maziwa na mayai visikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, ni saa moja tu. Buti la gari Julai limezidi hapo mbali sana. Nunua deli la mitumba, lile sanduku la kutunza ubaridi, na chupa za maji ugandishe usiku. Kuku wa barafu na maziwa vinaingia humo kabla ya kitu kingine. Mwenye kupanda basi awe na toroli la magurudumu, maana boksi moja la makopo na lita nne za maziwa si mzigo wa kubeba kichwani kituo hadi kituo. Fika mapema, lakini usifike saa kumi alfajiri kama kule. Nusu saa kabla ya kufungua yatosha, na beba maji ya kunywa.

Foleni nyingi ni za magari. Hushuki. Unafungua buti, unaonyesha vidole watu wangapi, wanapakia, unaondoka. Buti liwe tupu! Nimeona watu wanarudishiwa maboksi kwa sababu buti limejaa viatu na tairi la akiba. Mkienda familia mbili kwenye gari moja, semeni tangu mwanzo "two families", kila mmoja na fomu yake. Kumchukulia mgonjwa au mtu aliye kazini vituo vingi hukubali akikupa karatasi fupi yenye sahihi yake, lakini ulizeni kabla.

Pantri ninazozipenda mimi ni zile za kuchagua mwenyewe, unapita na kikapu kwenye rafu. Hapo ndipo kujua kusoma kopo kunakusaidia. Chukua kopo, geuza nyuma, tafuta neno "Ingredients", pitisha kidole. Ukikuta pork, bacon, ham au lard, hiyo ni nguruwe au mafuta yake. Maharage ya kopo yenye picha nzuri ya sufuria mara nyingi yana vipande vyake ndani. Gelatin kwenye pipi na mtindi huweza kutoka kwa nguruwe pia. Waislamu semeni "no pork" mlangoni, wamezoea. Mimi na jirani yangu Msomali tuna mkataba wetu: makopo yake ya nguruwe yanakuja kwangu, mchele wangu wa ziada unakwenda kwake, tunabadilishana papo hapo kwenye maegesho. Kubadilishana ni sawa. Kuuza ni marufuku, na kuna watu wamefutwa kwenye pantri kwa kuonekana wakiuza.

Kingine cha kusoma ni siagi ya karanga. Iliyoandikwa karanga na chumvi peke yake inafaa kwenye sombe na mboga za majani kama karanga ya kutwanga. Yenye sukari waachie watoto wapake kwenye mkate, ukiitia kwenye mboga utalia. Maharage yale ya madoadoa, pinto, yanatolewa sana na watu wanayakwepa kwa kutoyajua. Loweka usiku, yanaiva laini na mchuzi wake ni mzito. Collard greens na kale ni sukuma, katakata nyembamba. Unga wa mahindi ukitolewa huwa wa njano. Ugali wake, au bukari kama wewe ni wa kusema bukari, unashika polepole, ongeza unga kidogo kidogo. Ule wa duka la Wameksiko wa kutengenezea tortilla umepikwa na chokaa, harufu yake si yetu. Mimi siuwezi, wanangu wanaula.

Tarehe zisiwatishe. "Best by" haina maana kwamba chakula kimeharibika siku hiyo. Ni mtengenezaji anasema ladha ni nzuri zaidi kabla yake. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono, tupa hata kama tarehe yake ni ya mwaka ujao. Kitu kimoja tu tarehe yake ni amri: maziwa ya unga ya kichanga. Hiyo ikipita, usimpe mtoto.

Kuhusu heshima. Chakula cha TEFAP kinapogawiwa kanisani, hawaruhusiwi kukulazimisha kusali au kusikiliza mahubiri kwanza. Wakikualika, ni hiari yako. Na picha: kuna mahali, sitapataja, walitaka watoto wetu wasimame na maboksi wapigwe picha za kuombea michango. Sema "No pictures, please", ukiwa umetabasamu. Chakula utapewa vilevile.

Nguo zina njia yake. Watu hudhani Goodwill na Jeshi la Wokovu wanatoa bure kwa sababu wanapokea bure. Hapana. Yale ni maduka ya mitumba. Goodwill faida yake inaendesha mafunzo ya kazi, Jeshi la Wokovu inaendesha nyumba za watu wanaoacha ulevi. Jeshi la Wokovu wengine mnalijua kutoka nyumbani, liko Kongo tangu 1934. Bei zao ni ndogo, lakini ni bei.

Za bure hupatikana kwa vocha. Watu wa St. Vincent de Paul, chama cha Kikatoliki kilichoanzia Paris mwaka 1833, wana vikundi kwenye parokia. Unapiga simu parokia ya mtaa wako, wanakuja nyumbani wawili wawili, wanakaa, wanauliza mnaishije. Si lazima uwe Mkatoliki. Wakija, usifiche sufuria tupu kwa aibu, na usifagie nyumba kana kwamba unapokea wakwe! Waambie unachohitaji kwa majina: koti la kazi ya usiku, viatu namba tisa, godoro. Wakiridhika wanaweza kukupa vocha ya duka lao, na unachagua rafuni kama mteja mwingine. Chama hichohicho kina kumbi za kula hapa mjini, sahani ya moto kwa siku ambayo huna hata gesi.

Kabla ya kwenda kuchagua, pima watoto nyumbani, uandike namba za viatu kwa kipimo cha Marekani, kiko tofauti na kile tulichozoea. Kagua mishono ya kwapani na zipu. Kila nguo ifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kuvaliwa. Msidharau makoti, Januari saa kumi na moja asubuhi kituo cha basi hapa kina baridi ya kweli, na anayefanya kazi kwenye maghala anaijua.

Sare na nguo za shule, usizunguke nazo. Nenda ofisini shuleni, omba kuonana na mfanyakazi wa jamii au mshauri. Shule nyingi zina kabati la nguo, na kuna akina mama wa Assistance League wenye mpango uitwao Operation School Bell wa kuwavalisha watoto. Huko mzazi haendi mwenyewe, hupitia shuleni. Mwenye mimba, anayenyonyesha au mwenye mtoto chini ya miaka 5 asisahau WIC, mpango wa serikali wa chakula cha mama na mtoto. Hiyo si SNAP, sheria ya 2025 haikuigusa, na hawaulizi karatasi za uhamiaji.

La mwisho ni la Novemba. Kabla ya Thanksgiving, sikukuu yao ya kushukuru, mtapewa bata mzinga mzima, mgumu kama jiwe, kilo saba au zaidi, na najua kuna aliyewahi kumwacha kwenye maegesho kwa kukosa sufuria ya kumtosha. Mchukue. Mweke chini kabisa kwenye friji, juu ya sinia, siku tatu nne, kwa kuwa kila kilo mbili hivi zinataka siku nzima kuyeyuka. Usimwache juu ya meza. Akilainika mkate vipande kama mbuzi, nusu irudi kwenye friza, nusu nyingine kaanga na kitunguu, nyanya za kopo na ndimu. Shingo na mabawa tia kwenye yale maharage ya pinto.