Kununua nyumba ya vyumba vya kupangisha Dar: anza na wapangaji

Nazungumzia nyumba ya vyumba sita hadi kumi, choo na bafu uani, kama zile za Mbagala, Tandika au Gongo la Mboto. Wanunuzi wengi humsikiliza dalali, wakapima kiwanja, wakatoa pesa. Mimi naanza na wapangaji.

Hatua ya 1: Waulize wapangaji. Nenda jioni, watu wamesharudi kazini. Muulize kila mmoja analipa shilingi ngapi, amelipia mpaka lini, na kama ana mkataba au risiti. Hilo la "mpaka lini" ndilo lenye pesa. Mpangaji aliyelipa miezi sita juzi, kodi yake iko kwa muuzaji. Wewe utamiliki nyumba miezi yote hiyo bila kupokea kitu, na haki ya kumtoa huna. Piga hesabu ya miezi inayobaki chumba kwa chumba, jumla ikatwe kwenye bei. Vyumba 6 vya 80,000, kila kimoja kikiwa kimelipiwa miezi 4 mbele, ni 1,920,000. Muuzaji atanuna. Usilegee.

Uliza pia habari za LUKU. Mita moja kwa vyumba vyote maana yake ni ugomvi wa kuchangia umeme kila wiki, na wapangaji wazuri huhama kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Hesabu kinachobaki. Vyumba hivyo 6 vya 80,000 vinaingiza 5,760,000 kwa mwaka vikijaa vyote. Ondoa chumba kitakachokaa wazi, marekebisho, gari la kunyonya choo na kodi ya TRA. Tuseme imebaki 4,500,000 na bei ni milioni 60: hiyo ni asilimia 7.5. Linganisha na riba ya hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani pesa unayoikopesha serikali ikulipe riba. Ikiwa chini, ujue unachonunua hasa ni ardhi kupanda thamani.

Hatua ya 3: Nyaraka. Kama kuna hati miliki, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani uangalie kwenye daftari mmiliki ni nani. Kama ni leseni ya makazi (kibali cha muda kwa maeneo yasiyopangwa), ithibitishe manispaa, halafu nenda serikali ya mtaa na uongee na majirani wa mipaka. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, hivyo ndivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyosema. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa peke yake hatoshi. Angalia ukutani pia kama kuna alama ya X ya hifadhi ya barabara, hata iliyopakwa rangi juu.

Hatua ya 4: Rudi mvua ikinyesha. Tazama maji yanapita wapi na shimo la choo linafanyaje.

Hatua ya 5: Lipa. Mbele ya wakili, kwa benki. Orodha ya wapangaji na tarehe zao iwe kiambatisho cha mkataba, muuzaji aisaini. Siku hiyo hiyo wapangaji wapate barua yenye saini zenu wote wawili na namba ya akaunti mpya ya kulipia kodi.