Kabla hujanunua kifaa cha kusikia, pima kwanza

Kifaa cha kukuza sauti kinachouzwa dukani bila kipimo hukuza kila kitu kwa pamoja, sauti ya mjukuu na muungurumo wa bajaji. Mzee hukivaa wiki mbili, kichwa kikamuuma, kikaishia kabatini. Ndiyo maana kazi ya mtaalamu wa usikivu huanza mbali kabla ya kifaa.

Usimchanganye na daktari wa pua, masikio na koo. Daktari hutibu na kupasua. Mtaalamu wa usikivu hupima sikio linasikia nini na wapi limekwama, hupima kama mwili unasimama bila kuyumba, huchagua kifaa na kukirekebisha, kisha humfundisha mgonjwa na nduguze namna ya kuishi nacho. Sikio linalotoa usaha, damu au maumivu lianzie kwa daktari. Likiziba ghafla upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana dawa zake hufaa zaidi zikianza mapema. Watu wengi hudhani ni nta, wakakaa mwezi mzima wakidondoshea mafuta ya nazi.

Kabla ya kipimo, kaa mbali na kelele kwa saa 14 au zaidi. Fundi wa kuchomelea au mfanyakazi wa kiwandani apange kwenda asubuhi kabla ya kuingia zamu, na asiwe ametoka kwenye kigodoro usiku wake. Kelele huchosha sikio kwa muda, kipimo kikaonyesha ubovu uliozidi ule halisi. Usichokonoe nta kwa njiti ya kiberiti wala pamba, utaisukuma ndani. Beba majina ya dawa ulizowahi kutumia, hasa sindano za jentamaisini, streptomaisini au amikasini, kwinini, na dawa za saratani za jamii ya sisiplatini. Zote zinaweza kudhuru usikivu.

Mtaalamu atachungulia mfereji wa sikio kwa taa, kisha ataweka kizibo laini kinachobadilisha hewa ili kuona kama ngoma ya sikio inacheza. Mchoro wa kipimo hicho ukitoka bapa, huenda kuna maji nyuma ya ngoma, au ngoma imetoboka.

Ndipo unaingia kwenye kibanda kisichopitisha sauti. Unavaa vipokea sauti na kubonyeza kitufe kila usikiapo mlio, hata uwe hafifu kiasi cha kuutilia shaka. Kwa kawaida huanza na mlio wa hezi 1,000; hezi ni kipimo cha wembamba au uzito wa sauti. Ukiusikia, unapunguzwa desibeli 10, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Usipousikia, unaongezwa 5, hadi ipatikane sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia. Milio mingine, mizito na myembamba, hufuata, kuanzia hezi 250 hadi 8,000. Baadaye kitetemeshi huwekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mfupa ukisikia vizuri kuliko njia ya hewa, tatizo liko sikio la nje au la kati, na huenda ukarudishwa kwa daktari. Njia zote mbili zikiwa chini sawasawa, tatizo ni la ndani. Ukisikia mvumo mfululizo katika sikio la pili, usiujibu. Umewekwa makusudi ili sikio zuri lisimsaidie mwenzake.

Kibanda hicho si pambo. Ukipimwa kwenye chumba cha kawaida kando ya barabara, jenereta na kiyoyozi hufunika milio mizito ya hezi 250 na 500, karatasi ikasema una upungufu ambao huna. Uliza pia mashine ilihakikiwa lini. Iwe ndani ya mwaka mmoja.

Usiondoke bila kuelezwa mchoro wako. Duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya x ya buluu ni la kushoto. Kadiri alama inavyoshuka, ndivyo sauti inavyohitaji kuwa kubwa. Alama isiyofika desibeli 20 ni kawaida, 20 hadi 34 ni upungufu mdogo, na kuanzia 80 ni mkubwa mno. Bonde kwenye hezi 4,000 mara nyingi ni alama ya kelele za kazini.

Mtoto hasubiriwi aseme. Achunguzwe kabla ya mwezi 1, uhakika upatikane kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Kipimo chake hufanyika akiwa amelala, kwa hiyo mfikishe akiwa na njaa na usingizi, umnyonyeshee hapohapo. Kwa upungufu ambao kifaa cha kawaida hakiumudu, Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya koklea, yaani vya kuwekwa kwa upasuaji katika sikio la ndani.

Siku ya kuvalishwa kifaa, omba sauti yake ipimwe ndani ya sikio lako kwa kirija chembamba, isikadiriwe kwa kompyuta tu. Rudi baada ya wiki mbili hadi nne kurekebishiwa. Asiyekupa miadi hiyo amekuuzia bidhaa tu. Kikipiga mluzi, kizibo kimelegea, kimekaa vibaya, au mfereji umejaa nta.

Betri namba 13 ina stika ya rangi ya chungwa, 312 ya kahawia. Ukibandua stika, iache dakika chache ivute hewa ndipo uipachike. Kwa joto la Dar, jasho na unyevu huua vifaa vingi. Kila usiku kifute kwa kitambaa kikavu, fungua mlango wa betri, kilaze kwenye kopo lenye mfuniko mkaza na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu. Wakati wa masika vipakiti hushiba unyevu haraka, vibadilishe mapema.